Siku Niliyokuwa Msibani na Ofisini

Kabla kompyuta hazijaletwa ofisini kwetu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi ni nani. Mlinzi wa getini akiniona natokea kwenye kona ya wauza mitumba ananifungulia kabla sijafika. Mama aliyetupikia chai alijua sinywi ya rangi. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya umma iliyoshughulika na viwanja, upande wa Temeke, na kazi yangu ilikuwa kupiga taipu barua na kuandika mabadiliko ya umiliki: kiwanja kilikuwa cha fulani, sasa ni cha fulani. Nikimaliza naweka saini yangu, bosi anaweka yake, faili linarudi masijala. Ilitosha.

Masijala ilikuwa chini ya mzee mmoja wa Mbagala, Mzaramo, mtu wa kanzu siku ya Ijumaa na suti ya kaunda siku nyingine zote. Alikuwa katika chumba kile tangu mie sijaolewa. Aliniita mwanangu, na mimi nilimwamkia kila asubuhi, hata zile asubuhi tulizokuwa tumenuniana kwa sababu ya faili lililochelewa.

Ilikuwa miaka ya tisini kuelekea mwisho, baada ya zile mvua kubwa zilizotubomolea barabara. Viwanda vilikuwa vinauzwa, na neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu ni kupunguzwa. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kiwandani na sasa alishinda Kurasini, kwenye yadi za makontena, akisubiri siku atakayoitwa kupakua mzigo. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba ofisi yetu imepata mradi na mashine zinakuja, sie makarani hatukushangilia. Tuliona mashine zinakuja kukaa kwenye viti vyetu.

Ziliwekwa katika chumba kilichowekewa kiyoyozi, chumba pekee chenye baridi katika jengo zima. Mtaalamu wa kutufundisha tulimtarajia mwanamume, tena Mzungu. Akaja mwanamke wa kwetu, mdogo kwangu kwa umri, aliyesomea ng'ambo, mwenye lafudhi ya Kilimanjaro na nywele fupi. Alitukusanya wote, bosi, mimi, mzee wa masijala na makarani wengine, na jambo la kwanza alilotufundisha halikuwa kuandika. Lilikuwa kuingia.

"Mashine haina macho," alisema. "Haiwajui. Hata mkae nayo miaka mingapi, haitawajua. Inachojua ni jina la kuingilia na neno la siri. Mtu yeyote akiweka hayo, kwa mashine huyo ni wewe."

Mzee akanyanyua mkono. "Yeyote?"

"Yeyote."

"Na mie nikiweka la huyu," akaninyooshea kidole, "nimekuwa mwanamke?"

Tulicheka mpaka bosi akapiga meza. Mtaalamu hakucheka. "Kwa mashine, ndiyo, mzee. Umekuwa yeye. Na ukifanya kosa, kosa ni lake."

Alieleza mengi siku zile, na mengi yalinipita. Alisema mtu anaweza kuthibitisha yeye ni nani kwa kitu alicho nacho mkononi, kama kitambulisho, au kwa kitu anachokijua yeye peke yake, au kwa mwili wake mwenyewe, kama dole gumba. Alisema mashine zetu bado zilikuwa duni, zinaweza kuuliza hicho cha kujua tu, na ndiyo maana lazima tulilinde neno kama tunavyolinda nyumba. Alisema pia kwamba siku itakuja ambapo mwananchi atakaa kwake sebuleni, ataomba hati ya kiwanja kwenye mashine, na ofisi itamjibu bila kumwona. Hapo tulitazamana. Nilidhani anatuchangamsha tu, kwa sababu ilikuwa baada ya chakula cha mchana na watu walikuwa wanasinzia.

"Sasa huyo mwananchi," niliuliza, "ofisi itajuaje kama ni yeye kweli?"

"Hilo ndilo swali," alisema, na akaonekana kufurahi kwa mara ya kwanza. "Hilo ndilo litakalotusumbua sote."

Kisha akatuambia kila mmoja achague neno lake. Lisiwe jina lako. Lisiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Usiliandike popote, usimwambie mtu, hata mimi msiniambie. Liwe kitu ambacho huwezi kukisahau. Nilikaa mbele ya kioo nikifikiri. Jina langu amelikataza. Kitu gani sitakisahau kamwe? Nikaweka jina la mwanangu wa kwanza. Kwenye kioo zikatokea nyota tupu, herufi hazikuonekana, nikaona nimepata mahali pazuri pa kuficha kitu. Niliinuka kwenye kile kiti nikiwa na furaha ya mwanafunzi aliyepata vema.

Mtaalamu akaenda zake, akatuachia namba ya simu ambayo bosi ndiye wa kuipiga. Kazi ikaanza. Kwangu haikuwa mbaya. Kilichonichanganya ni kutoka: ukimaliza lazima uiambie mashine kwamba unatoka, la sivyo unabaki ndani ingawa umeshafika nyumbani unapika. Nilikuwaga nashtuka njiani nikirudi nyumbani, naanza kujiuliza, hivi leo nimetoka au nimo bado?

Mzee wa masijala ndiye aliyepata taabu. Neno lake lilimpotea. Ukikosea mara kadhaa mashine inakufungia, na mfunguaji ni mtaalamu peke yake, kwa hiyo bosi alilazimika kumpigia simu. Mara ya kwanza bosi alitania. Mara ya pili alikunja uso. Iliyofuata alisema mbele yetu, "Mzee, wakija kuniuliza nani apumzishwe, nitawajibu nini?" Mzee aliangalia viatu vyake. Tangu siku ile hakusema tena kwamba amesahau neno. Tukadhani amelishika.

Baada ya hapo shangazi yangu akafariki. Alikuwa akiishi Tabata, na ndiye aliyenilea nilipokuwa nasoma. Bosi akanipa ruhusa, nikaenda na kanga zangu, nikakaa kule na wanawake wenzangu mpaka hitima ilipokwisha. Niliporudi kazini macho yamevimba, hata mkoba sijauweka chini, nikaitwa kwa bosi.

Nilimkuta na mwanamume wa makamo aliyekaa ukingoni mwa kiti, kofia ameipakata. Bosi hakunipa pole ya msiba.

"Huyu bwana analalamika," alisema. "Kaka yake alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde, amefariki. Ameacha kiwanja Kibamba. Bwana huyu ndiye anayemfuata marehemu kuzaliwa. Amekuja kufuatilia, anakuta kiwanja kimeshahamishiwa kwa mwanamke."

"Kwa mwanamke ambaye sisi kwenye ukoo hatumjui kwa jina hilo," yule bwana aliongeza. "Na aliyehamisha ni wewe, dada. Umepewa nini?"

Nilimtazama bosi. "Lini?"

Akanigeuzia kioo. Nikaona kiwanja, nikaona jina la marehemu, jina la mwanamke, na chini yake jina langu la kuingilia, pamoja na siku. Ilikuwa siku tuliyomzika shangazi.

"Mkuu, siku hiyo nilikuwa Tabata. Ruhusa umenipa mwenyewe."

"Ndiyo maana nashangaa," alisema. "Nilikupa ruhusa. Lakini mfumo unasema ulikuwa hapa."

"Uliza watu mia, wote waliniona kule."

"Mimi simwiti mtu wa Tabata kuja kubishana na kompyuta."

Sijui kama naweza kueleza nilichokisikia pale. Nilitaka kukasirika, lakini kilichonijia si hasira, ni mashaka juu ya nafsi yangu. Nilianza kuipitia ile siku kichwani. Asubuhi nilimenya vitunguu. Halafu nikasaidia kuosha sufuria za kukodi. Jeneza lilitoka baada ya adhuhuri. Kati ya sufuria na jeneza nilikuwa wapi? Nilikumbuka nimejilaza kwenye mkeka chumbani, lakini je, nililala kiasi gani? Mtu mzima, na akili zangu, nikawa natafuta katika siku ile upenyo ambao ningeweza kupita, nikatoka Tabata, nikaja ofisini, nikaandika jina la mwanamke nisiyemjua, nikarudi kulia.

Bosi aliniambia nikae mapokezi, nisiguse mashine, mpaka mtaalamu aje. Nyumbani mume wangu alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja.

"Hukwenda kweli?"

"Si tulikuwa wote!"

"Mie nilikuwa upande wa wanaume," alisema. Naye hakuwa ananituhumu. Alikuwa amechanganyikiwa kama mimi tu.

Mtaalamu alifika baada ya siku chache. Aliomba tukae wote katika kile chumba chenye baridi. Aliangalia mashine kwa muda mrefu, kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotegemea.

"Dada, kuna mtu umempa neno lako?"

"Hapana."

"Umeliandika mahali?"

"Hapana."

"Kuna mtu anayelijua?"

"Hakuna hata mmoja."

Mama wa chai alikuwa ameingia na sinia. "Mama Fulani," aliniita, "ya maziwa hii hapa," na mahali ninapoandika Fulani alitaja jina la mwanangu, kama alivyolitaja kila siku ya Mungu, kama walivyolitaja mlinzi, bosi, makarani wote, na wateja waliozoea. Pale ofisini nadhani hakuna aliyekuwa akilikumbuka jina langu lenyewe isipokuwa siku ya mshahara.

Mtaalamu alikuwa ananitazama.

"Neno lako si hilo?" aliuliza polepole.

Nikaitikia kwa kichwa.

Alifumba macho kidogo. "Kosa ni langu pia," alisema. "Nilisema lisiwe jina lako. Sikufikiria kwamba kwetu sisi jina la mtoto ndilo jina la mama."

Bosi akashusha pumzi. "Kwa hiyo ni yeyote kati yetu."

"Yeyote," alisema mtaalamu. "Na mashine haiwezi kutuambia ni nani. Itasema ni huyu dada mpaka mwisho wa dunia."

Ndipo mzee wa masijala aliposimama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

"Ni mie," alisema.

Bosi akamkodolea macho. Mzee aliendelea bila haraka, akisema na mtaalamu zaidi kuliko na sisi, kama mgonjwa anayemweleza daktari. Yule mjane alikuwa anakuja kutoka Kibamba mara kwa mara kufuatilia, na siku ile akaambiwa mwenye kuhamisha yupo msibani, arudi. Karatasi zake zilikuwa zimekamilika: mahakama ilishampa usimamizi wa mirathi, mwenyekiti wa mtaa alishampa barua, bosi mwenyewe alishaidhinisha faili lake pamoja na rundo la mengine. Ilibaki kuingiza tu. Mama alikaa kwenye benchi na kulia, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba shemeji yake, yule bwana wa malalamiko, anatafuta mnunuzi. Mzee akajaribu kuingia kwa jina lake, neno halikuja. Akajaribu tena, mashine ikamfungia. Akaona haya kumwambia bosi.

"Nikajaribu jina la kuingilia la mwanangu huyu," alisema, bila kunitazama. "Nikafikiri, mwanamke mwenye mtoto ataweka nini? Ikafunguka. Nikamwandikia mama wa watu kiwanja chake. Sikuchukua kitu kwa mtu."

Nilitaka kumwambia amenipalia makaa, na nilitaka kumwambia amefanya vizuri.

"Sasa hii imehama au haikuhama?" bosi aliuliza. Na kwa kweli hilo ndilo lililotuchanganya wote. Aliyeidhinisha alikuwa bosi, karatasi zilikuwa halali, kiwanja kilikwenda kwa anayestahili, lakini mkono ulioandika haukuwa mkono uliotajwa. Walibishana hadi adhuhuri. Mtaalamu alishikilia kwamba kitu kilichoingizwa na mtu asiyekuwa yule aliyetajwa hakiwezi kuachwa hivyo, hata kama ni cha kweli, kwa sababu kesho kitaingizwa cha uongo kwa njia hiyohiyo na hatutajua tofauti. Bosi aliona tukifuta, tutampa yule shemeji nafasi. Mwishowe wakakubaliana: ifutwe, iingizwe upya, na mjane aje mwenyewe, mbele ya yule shemeji, athibitishwe kwamba yeye ndiye aliyetajwa kwenye barua ya mahakama. Nikatumwa mimi Kibamba kumwita.

Niliteremka daladala barabara ya Morogoro na karatasi yenye jina lake, nikashika njia ya vumbi, nikaanza kuuliza. Hakuna aliyemjua. Niliuliza dukani, nikauliza kwa fundi baiskeli, nikauliza kwa wanawake waliokuwa wanachota maji. Jina lile walilisikia kama jina la mgeni. Nikaanza kuogopa kwamba shemeji alikuwa anasema kweli, kwamba huyo mwanamke hayupo, na mzee wetu amemgawia kiwanja mtu wa hewani. Hatimaye nikasema natafuta mjane wa mchonga vinyago.

"Si useme Mama Fulani!" mwanamke mmoja akacheka, naye akataja jina la mtoto. "Huyo hapo nyuma, nyumba ya mabati mapya."

Nilimkuta ameketi juu ya gogo la mpingo ambalo mumewe hakuwahi kuanza kulichonga, anapepeta mchele. Alikuwa mwanamke wa kusini, mrefu, mtulivu. Nilimwamkia na kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo mapajani.

"Kwa hiyo nilikipata," alisema, "halafu sasa sina."

"Utakipata tena, mama. Ila wanataka kuhakikisha wewe ni wewe."

"Nikuonyeshe nini?" Hakuwa na ukali, aliuliza kweli. "Kwetu nilipewa jina na bibi yangu. Nilipobatizwa padri akanipa hilo lililo kwenye karatasi, nikalitumia shule, basi. Marehemu alikuwa ananiita kwa la bibi. Majirani hawa wananiita kwa mtoto. Nyie mnataka lipi?"

Nilikuwa nimetumwa na watu waliosoma, na hilo hawakuniambia. Nilimwambia aje na mwenyekiti wa mtaa na vyeti vyovyote alivyo navyo, vya ubatizo, vya ndoa, vya kliniki. Alikuwa na cheti cha ubatizo kimoja tu, kimekunjwa mpaka kinakatika.

Siku waliyokuja, chumba kilijaa. Mwenyekiti wa mtaa alisema anamfahamu mama huyu miaka mingi, lakini alipoulizwa jina lake kamili alilazimika kuchungulia barua aliyoiandika mwenyewe. Shemeji akaona pa kuingilia.

"Mmeona?" alisema. "Hata mwenyekiti hamjui. Mke wa kaka yangu alikuwa na jina jingine. Mimi huyu aliyeandikwa hapa simjui. Inawezekana mahakama nayo ilidanganywa."

Mjane alikuwa ameweka mikono kwenye mapaja. Aligeuka akamtazama.

"Unanijua mie ni nani," alisema.

"Sijasema..."

"Umekula kwangu Pasaka zote. Mama yenu mie ndiye niliyemuuguza."

"Sasa shemeji," yule bwana akasema, akinyoosha viganja, "mbona unalichukulia vibaya, mie naongelea mambo ya karatasi tu..."

Alikuwa amelisikia neno likimtoka, na sote tulikuwa tumelisikia. Bosi alikaa nyuma kwenye kiti.

"Kumbe ni shemeji yako," alisema.

Yule bwana akaiangalia kofia yake. Hakubisha tena. Mtaalamu alimwomba mjane aweke dole gumba karibu na jina la ubatizo, na chini yake wakaandika lile la bibi yake, na chini yake lile la kuitwa kwa mtoto, na mwenyekiti na shemeji wakatia saini kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja. Mtaalamu alisema hajawahi kufundishwa kufanya hivyo popote, lakini hakuona njia nyingine. Kisha akamfungulia mzee, akamkalisha kwenye kiti, akatutoa sote nje ili achague neno jipya peke yake. Mzee alikawia. Tulipoingia, kiwanja kilikuwa cha mjane, na safari hii chini yake kulikuwa na jina la mzee mwenyewe.

Mjane alinishika mkono alipokuwa anatoka. "Niendelee kufuatilia," alisema, "au ndiyo imekwisha?" Nikamwambia imekwisha, ingawa sikuwa na uhakika.

Mzee alipumzishwa kabla ya mwaka kwisha, pamoja na wengine, na bosi aliapa kwamba halikuwa kwa sababu ya jambo lile. Wakati anakusanya vitu vyake nilikwenda masijala. Nilikuwa nimeandaa maneno, lakini yeye alianza.

"Mwanangu, nilikuingiza matatani."

"Na mama wa Kibamba ulimtoa matatani, mzee wangu."

"Sasa hapo nilifanya jema au baya?"

Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akasema naye hajui, akanipa mkono.

Mimi nilirudishwa kwenye mashine. Mtaalamu alikaa na mimi faragha, akaniambia nichague kitu ambacho hakuna mtu anayeniita kwacho na hakuna anayekijua. Ilinichukua alasiri nzima. Niligundua kwamba kila nilichokikumbuka, kuna mtu mwingine anakikumbuka pia: mtaa niliokulia, shule, mama yangu, sahani aliyoipenda shangazi. Mwisho nikachagua tunda, kwa sababu ya jambo dogo la utotoni ambalo sikuwahi kumsimulia mtu, na ambalo sitalisimulia hapa pia.

Jioni mume wangu aliniuliza, "Wamekubadilishia?"

"Nimebadilisha mwenyewe."

"Umeweka nini?"

"Hairuhusiwi kusema."

"Hata mie?"

"Hata wewe."

Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalila. Hatukuwa na vitu ambavyo mmoja wetu anavijua na mwingine havijui. Chumba chetu kilikuwa kimoja na kitanda kimoja. Alicheka, akalifanya mchezo. Akirudi kutoka Kurasini, hata viatu hajavua, anapiga kelele tokea uani: "Muhogo!" Nasema siyo. "Kontena!" Siyo. "Jina la mama yangu!" Siyo. Majirani wakawa wanachangia, na mimi nawakatalia wote huku nachambua mboga.

Jioni moja alikuja amechoka, akakaa kwenye kigoda, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Zambarau."

"Siyo," nikasema.

"Mbona umejibu haraka?"

"Nilikuwa nasubiri useme muhogo tena."

Hakuliulizia tena baada ya siku hiyo. Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, nilikaa mbele ya mashine nikabadilisha neno. Sikuwahi kumuuliza alilitoa wapi, kama alibahatisha tu au kuna usiku niliwahi kumsimulia nikasahau, naye hakuwahi kuniambia.